Koti la Salvator

Séverine, fundi cherehani wa Shanwe, Mpanda mjini, aliposikia kwamba bendera ya zamani ya shule aliyosoma kule makazini inachomwa Ijumaa, aliacha gauni la mtu mkono mmoja bado, akadandia bodaboda. Majirani wakasema kachanganyikiwa. Waache waseme, walijua nini wao?

Bendera ile aliishona baba yake, Salvator, enzi zile Warundi wa makazini wakiitwa wakimbizi. Kijani kilipatikana, bluu ikapatikana, njano nayo. Cheusi sasa! Mpanda nzima hakuna. Basi mzee akachukua koti lake la arusi, lile alilovuka nalo mpaka, akalitia mkasi. Mkewe alinuna wiki nzima.

"Nyeusi ni watu," mzee akamwambia. "Bendera bila watu si shuka tu hiyo?"

Jamani, zile asubuhi za sikukuu! Bendera ikipanda mlingotini, wenzake wanaimba, Séverine anatafuta kwa macho tundu la kifungo ambalo baba alilishona likazibika. Akiliona tu, moyo unamjaa. Angepewa asubuhi moja tu kati ya zile, asingeomba kingine. Mzee alishafariki, hata picha hakuacha.

Alimkuta Mwalimu Mkuu, Restituta, keshapanga kuni nyuma ya ofisi, bendera mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba hiyo bendera. Ni koti la Data, baba yangu."

"Marahaba. Pole, mama, lakini bendera ya taifa haigawiwi. Ikichakaa inachomwa kwa heshima, basi."

"Sitaki bendera mimi. Nataka koti!" Séverine akaangua kilio palepale, bila aibu. Akamshika Mwalimu kidole, akakipitisha juu ya lile tundu lililozibwa.

Mwalimu akalipapasa tena mwenyewe. Kisha akauliza, "Una wembe?"

"Fundi atakosaje wembe?"

Wakaketi chini wote wawili, wakafumua nyuzi moja moja. Vitambaa vingine vikaenda motoni, Mwalimu akiwa amesimama wima. Cheusi kikabaki mapajani mwa Séverine, naye akakikunja taratibu.

"Mzee alipata uraia mwaka gani?" Mwalimu akauliza.

"Hakupata. Alikufa hati haijatoka."

Mwalimu akakinyooshea kidole kile kitambaa.

"Hakupata? Mbona tumempigia saluti miaka yote hii!"