Saa ya Daeng Manrapi Yafika Surabaya

Miaka kumi na tisa tangu apewe saa ile siku ya kustaafu posta, Daeng Manrapi wa Makassar hakuwahi kuirudisha nyuma hata dakika moja. Aliivaa mkononi kwenda Surabaya, kwenye akika ya mjukuu wake wa kwanza, ambako alikuwa ameahidiwa jambo moja: yeye ndiye angemkata mtoto nywele za kwanza.

Tiketi ilisema ndege inaondoka saa mbili na nusu asubuhi na kufika saa tatu kamili. Daeng akachukua kalamu. Kilomita mia nane kwa nusu saa!

"Kilomita elfu moja na mia sita kwa saa," akawatangazia majirani. "Hiyo si ndege, ni risasi."

Binti yake Hasniar akampigia simu kutoka Surabaya. "Baba, huku tuko nyuma yenu kwa saa moja."

"Jakarta ndiyo iko nyuma. Bali wanafuata saa zetu, na Bali na Surabaya ni pua na mdomo. Usinifundishe ramani, mwanangu. Nimechambua barua miaka thelathini."

Angani, nusu saa ilipotimia, chini bado kulikuwa na maji matupu. Alimwita mhudumu.

"Binti, rubani amepotea?"

"Hapana, mzee. Imebaki saa nzima."

"Saa nzima! Mwambie akanyage mafuta. Kuna mtoto ananisubiri na nywele zake."

Walipotua, saa yake ilionyesha saa nne kamili, wakati uleule shughuli ilipopangwa kuanza. Teksi ilichukua dakika arobaini, naye akazihesabu moja moja kwa sauti mpaka dereva akaongeza sauti ya redio.

Aliingia nyumbani mbio, viatu mkononi. Sebuleni mtoto alikuwa amelala. Pembeni pake mkasi, na dafu lililochongwa la kutilia nywele. Mtu mwingine hakuna.

"Wamemaliza, wamekwenda kula!" alilia Daeng. Akanyakua mkasi. Kacha! Kishungi kikaangukia dafuni.

"Mkwe!" Mzee Wiryono, babu wa mtoto upande wa baba, alitokea bafuni amejifunga taulo, povu limemjaa masikioni. "Unamfanya nini mjukuu wangu?"

"Nachukua haki yangu! Mmeanza bila mimi!"

"Nani kaanza? Hata imamu hajafika. Ndiyo kwanza saa tatu na dakika arobaini."

"Saa nne na dakika arobaini!" Daeng alimnyooshea mkono wenye saa, karibu amtie nayo jichoni.

Wiryono alijifuta povu bila haraka. "Haya. Kama saa yako ni ya kweli, umechelewa, na mkasi wa kwanza ni wangu. Kama yangu ndiyo ya kweli, nywele zilizokatwa kabla ya dua hazihesabiwi. Utaanza upya saa nne. Chagua mwenyewe, mkwe."

Hasniar alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto, ameuma ncha ya mtandio asicheke.

Daeng aliitazama saa. Akamtazama mtoto, ambaye sasa alikuwa na kipara kidogo juu ya sikio. Halafu akavuta kile kitufe cha pembeni, kigumu kwa kutoguswa, akaurudisha nyuma mshale mrefu, mzunguko mzima.

"Hii saa," alisema, "imekuwa ikikimbia kidogo. Nadhani ni ile ndege."