Uso wa Binti Mwinshehe

Bi Domitila aliinua simu yake hadi usawa wa uso wa Mwanvua. Akatazama kioo, akatazama uso, akarudi kwenye kioo. Dagaa waliokuwa mkononi mwa Mwanvua wakamponyoka, wakamwagika mchangani chini ya chanja ya kuanikia, hapo ufukweni Kibirizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kidoti hiki hapa shavuni. Ni wewe." Mgeni alikuwa akihema. "Nimetoka Kasulu alfajiri, mwanangu. Jumamosi tunaondoa matanga ya mume wangu. Gunia langu la dagaa liko wapi?"

Picha ya kwenye simu ilikuwa ya Mwanvua kweli: ameshika kitambulisho chini ya kidevu, anatabasamu kwa haya. Aliipiga miezi miwili nyuma, alipoagiza doti ya kitenge katika duka la mtandaoni kwa harusi ya dada yake. Mwenye duka alimwuliza kwa upole: baba yako nani? Nyumbani wapi? Kazi yako? Tuma na picha, dada, mzigo wako usije ukaangukia mikono mingine. Akajibu yote. Ndivyo alivyolelewa Ujiji. Mtu akikuuliza wewe ni wa kwa nani, ukimficha umemtukana. Kitenge hakikuja. Aliona haya kusema, akaazima nguo, akadhani ameibiwa kitambaa tu.

Sasa uso ule ulikuwa dukani mtandaoni, nao unauza. *Dagaa wa Mwanvua binti Mwinshehe, Kibirizi. Lipa kwanza, mzigo utakufikia.*

"Mama, si mimi. Hata mimi niliibiwa."

"Umeibiwa uso?" alidakia Leonardi, mpagazi, na wanawake wa chanja za jirani wakacheka. "Basi huo uliouvaa leo umeuazima kwa nani?"

"Twende polisi, mama, nikatoe maelezo."

"Polisi watanilishia wageni Jumamosi?" Sauti ya Bi Domitila ilikatika. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifuta macho kwa ncha ya khanga nyeusi.

Mwanvua hakuweza kuyatazama machozi yale. Aliingia kibandani, akaburuta gunia lake pekee, dagaa wa wiki nzima ya jua, akaliegemeza miguuni pa yule mjane.

"Chukua, mama. Wageni wako wapate kula."

Bi Domitila alilifungua, akanusa, akakifunga tena kinywa cha gunia kwa fundo la nguvu. Aliponyanyua macho, machozi yalikuwa yamekauka.

"Kumbe ulikuwa nalo," alisema. "Ungelitoa tangu mwanzo, binti, nisingekuaibisha mbele za watu."

Leonardi alilibeba gunia hadi kwenye bodaboda bila kutania tena. Wanawake wa chanja za jirani walikuwa wamerudi kugeuza dagaa wao, wakimpa Mwanvua mgongo. Mwanvua akamgeukia Esther, jirani yake wa miaka mitatu, ambaye kila akienda sokoni humwachia Mwanvua dagaa wake awalinde na kunguru.

"Esther, wewe unanijua."

"Nakujua, shoga," alisema Esther, akitazama ziwani. Kisha akawazoa chanjani dagaa wake ambao hawajakauka, akajitwisha beseni, akaenda nao sokoni.