Bango la Duka la Dawa

"Shika hapo hapo, hata usipumue," dada aliniambia.

Nilikuwa juu ya ngazi, nimebana ncha ya uzi penye ndoano ya waya wa kulia. Yeye alibana ncha ya pili chini zaidi, pale mlingoti wa chuma ulipochomoza ukutani kubeba bango la duka la dawa. Nyaya mbili, mmoja kulia na mmoja kushoto, ziliuvuta mlingoti huo kutoka juu ukutani. Gogo tulilosimamisha chini yake ndilo lililolishikilia kwa muda.

Tumemzika dada mwezi huu. Watu wanasimulia upole wake. Mimi namkumbuka siku ile, akibishana na baba barabarani.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Bango lake la mwisho lilianguka. Halikumpata mtu, lakini tangu hapo karakana ilipoa kama jiko la jana. Hii ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa tena, na likianguka na hili, basi tena.

Fundi viatu wa jirani akapaza sauti, "Tuhame sasa, au tungoje literemke lenyewe?"

"Nyaya mbili, mzigo nusu kwa nusu," baba akasema. "Ndivyo ninavyofanya miaka yote."

"Na lile lililoanguka, baba?" dada akauliza.

Nilidhani atamzaba kibao. Akashusha pumzi. "Haya, profesa. Nieleze."

Dada akaugusa uzi. "Chukulia huu ni mhimili, kama bawaba za mlango. Waya wa kulia umefungwa juu yake, kitako cha mlingoti kiko juu yake. Momenti zao, yaani nguvu zao za kuzungusha, ni sifuri. Wanaobaki kushindana ni uzito wa bango na waya wa kushoto. Wawili tu."

Akapiga hesabu kwa chaki ukutani. Kwa kukwepa dirisha, ndoano ya waya wa kushoto ilikuwa imewekwa karibu mno na mlingoti.

"Huu peke yake unabeba robo tatu ya mzigo," akasema. "Tuufunge maradufu."

Baba akazisoma hesabu, akarudia, kisha akaleta waya wa tatu, akaufunga sambamba na ule wa kushoto.

Tulipomaliza, akaligonga gogo kwa nyundo. Likaanguka. Nyaya zikatoa mlio mwembamba, zikanyamaza. Bango halikutikisika. Nikapiga kigelegele mpaka wapita njia wakageuka.

Baba akalibeba benchi la fundi viatu, akaliweka chini kabisa ya bango, akakaa, akaagiza chai. Kisha akasogea kidogo, dada apate nafasi.