Soseji ya Ijumaa Kanisani Montbressol

Zélie Fargeas alikuwa mwandishi wa habari za kofia gazetini. Alifika Paris kutoka Limoges, alikofundisha shule miaka sita, akiwa na daftari lililojaa hoja za haki za wanawake na ujanja wa mapadri. Mhariri wake, Bwana Pontavice, alilisoma, akacheka sana, akampa ukurasa wa kofia.

"Hayo mengine tuachie sisi," alisema.

Machi 1906 mwandishi wa siasa akaugua matubwitubwi. Sheria ya kutenganisha dini na dola ilikuwa imepita, na maofisa walizunguka nchi nzima kuorodhesha mali za makanisa. Kule Montbressol, milimani, wanawake walikuwa wameapa kuwa ofisa hatagusa hata mshumaa.

"Nitume mimi," Zélie akasema.

"Wewe? Ukaandike nini?"

"Kofia za waumini."

Pontavice akatoa tiketi ya treni.

Zélie alifika asubuhi na mapema, theluji ikiwa magotini. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, akaingia kuchungulia. Kabla hajageuka, komeo likaanguka nyuma yake na mabenchi yakasukumwa mlangoni. Akajikuta kafungiwa pamoja na wanawake arobaini, sufuria ya dengu, na mbuzi aliyekosa wa kuachiwa.

"Wewe ni wa gazeti la askofu, ee?" aliuliza Eulalie Chazot, kiongozi wao, mjane mtengeneza jibini mwenye mikono kama ya mhunzi.

Zélie akakohoa. Eulalie akakihesabu kikohozi kile kuwa ndiyo.

Ilipofika saa tatu, njaa ilikuwa ikimkata Zélie. Bila kufikiri akafungua mkoba, akatoa soseji, akaing'ata. Kanisa zima likamgeukia. Hata mbuzi.

"Binti," Eulalie akasema polepole, "leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

"Ya Kwaresima," akajibu, mdomo umejaa.

"Anakula nyama siku ya mfungo! Huyu si wa askofu!" mmoja akapiga kelele. "Mtupeni dirishani!"

"Atatuvunjia vioo," Eulalie akasema. "Haya, binti, sema kweli yako."

Zélie akameza, akasema yote: gazeti lake ni la wasioamini, sheria anaiunga mkono, kanisa na serikali kila mmoja alale kwake.

"Na sisi utatuandikaje? Majuha waliotumwa na padri?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Alikuwa padri mwenyewe.

"Wanangu, fungueni! Askofu hataki vurugu. Nawaamuru!"

"Baba, nenda kaote moto!" Eulalie akamjibu. "Umesema, tumesikia, hatutaki!"

Akafuata mume wa mmoja wao, akidai chakula chake. Jibu alilopewa halijapata kusikika kanisani. Mwisho ofisa akasoma karatasi yake huku meno yakigongana kwa baridi. Alipokosa wa kumjibu, akaondoka.

Zélie alicheka hadi machozi. "Kumbe hamumtii mtu!"

"Nani alituuliza?" Eulalie akasema. "Padri kaamua, serikali imeamua, wanaume wamepiga kura. Vitambaa vya altare hii navifua mimi, mwaka wa thelathini huu. Niulizwe, basi, hata mara moja!"

Zélie akatoa kalamu. "Rudia hapo, mama. Taratibu."

Kule Paris, Pontavice aliisoma makala akiwa amesimama. "Unawatetea washirikina!"

"Siwatetei. Sheria ni nzuri, nimeandika hivyo mara tatu. Lakini mnatunyima sisi wanawake kura kwa kisingizio kwamba tutapiga anavyotaka padri. Hao padri wao wamemfukuza, nimeona kwa macho yangu."

"Wasomaji watanichoma moto!"

"Watalinunua gazeti kwanza."

Pontavice akaichapa kwenye ukurasa wa kofia, ili akilaumiwa aseme hakuiona. Barua zikamiminika. Wasioamini walimwita Zélie mtawa, waumini wakamwita shetani, lakini washonaji na walimu wa kike waliandika: endelea. Kufikia Pasaka alikuwa na safu yake ya kila wiki, jina lake kamili juu.

Mwezi wa Mei ikaja barua ya Eulalie. Padri amenuna, aliandika, ila atapoa. "Umeniita mkaidi. Marehemu mume wangu alilisema hilo bure, wewe umelipwa. Halafu hatukuwa arobaini, tulikuwa arobaini na watatu. Sasa sikiliza. Mdogo wangu anafuma lesi kutwa, mumewe anachukua ujira wote, na notari, yule mwanasheria wa hati, anasema sheria inamruhusu mume. Njoo umuulize mdogo wangu mwenyewe."

Zélie alisoma mara mbili, akavaa koti, akawahi treni ya saa saba.