Bilauri ya Sukuma Wiki

Asubuhi hiyo Tokuji alipotema povu la dawa ya meno, Fusae aliona wekundu kwenye sinki. Akamwuliza ni nini. Mumewe akasema si kitu, fizi za uzee hizo, akaenda zake kuchukua ngazi apogoe msonobari wa uani.

Tangu Tokuji awekewe vali ya chuma moyoni na kupewa vidonge vya kuzuia damu isigande, natto haikuingia tena nyumbani mwao. Daktari Iwakiri alishawaonya kwamba soya hiyo iliyochachushwa ina vitamini K tele, nayo huigandisha damu. Fusae alitii. Badala yake, ili mumewe asikose nguvu, kila alfajiri alichuma sukuma wiki bustanini, akaisaga, akampa bilauri nzima. Majani tu, yatamdhuru nini? Damu ikazidi kuwa nzito, na daktari akaongeza vidonge mara mbili.

Siku kumi zilizopita alisoma karatasi ya duka la dawa: kwenye orodha ya vilivyokatazwa, juisi ya majani mabichi ilikuwa pale pale chini ya natto. Aliona aibu. Akamdanganya mumewe kwamba viwavi wamemaliza bustani, akaacha kimya kimya.

Sasa mzee alipopanda, mkono wa shati ulivutika, na Fusae akaona amevilia damu pale alipogusa ndoo tu jana. Ndipo akili ikamjia. Vidonge viliongezwa vishindane na juisi. Juisi haipo tena, vidonge vipo vyote. Akianguka, damu haitasimama.

Aliikamata ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka, mzee."

"Tawi moja tu. Unanichunga kama mtoto."

"Viwavi hawakuwepo. Juisi niliiacha mwenyewe, ilikuwa inapigana na dawa yako. Shuka polepole. Naogopa."

Tokuji alishuka kipago kimoja kimoja, na Fusae hakuiachia ngazi mpaka miguu yake ilipogusa ardhi.

"Najua. Karatasi ya duka la dawa niliisoma mwaka jana," alisema mzee. "Ila ulikuwa unaamka gizani kwa ajili yangu. Ningekwambiaje?"

Fusae alitamani kumzaba kofi. Alikimbilia simu, akamweleza daktari makosa yake na ya mzee, naye akaamuru aletwe sasa hivi.

Ndani ya teksi pua ya Tokuji ilianza kutoka damu. Fusae aliibana kwa leso mpaka vidole vikafa ganzi, na safari hii hakuna kati yao aliyesema si kitu.