Picha ya Kinywa Wazi

Fundi cherehani aliingia chumba cha eksirei kwa mara ya tatu akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, maana akikiachia tu kinalala begani. Wifi yake alibaki mlangoni na mkoba.

"Anadeka huyu," wifi alimwambia mpiga picha. "Sare za shule zilipoanza kuletwa, na shingo nayo ikaanza."

Barua ya muuguzi wa zahanati ilisema waziwazi: apigwe picha akiwa ameachama, kwani mifupa miwili ya juu ya shingo hujificha nyuma ya meno. Muuguzi alihofia uvimbe ndani ya mfupa wa pili. Ukiachwa, mfupa utavunjika, na fundi hatashika sindano tena, huenda hata pumzi asivute. Mpiga picha hakuisoma. Picha ya kuachama ina kazi, na foleni ilishafika getini.

"Funga mdomo, mama."

"Barua inasema nifungue."

"Kwani barua ndiyo inayopiga picha?"

Akafunga.

Kwa daktari, umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Fundi alipofungua kinywa aeleze jinsi vidole vinavyomfia ganzi, mwanga ukamtoka kooni, mweupe, wa kutosha kusomea. Ulitoka kwenye ule mfupa wa pili. Ulianza mwezi uliopita, na nyumbani wifi huyohuyo alikuwa akiutumia kuchambulia mchele.

"Hapo hapo, usitikisike," daktari alisema. Akaiinua filamu ya eksirei mbele ya kinywa cha fundi, akaikagua. Palipostahili kuonekana mifupa ya juu palikuwa na meno tu.

"Safi. Hakuna kitu."

"Daktari, mfupa wenyewe si huo, nyuma ya hiyo filamu? Chungulia tu."

"Mimi nasoma filamu, mama. Sisomi makoo ya watu."

"Nilisema mimi," wifi akadakia.

Hasira zilimpanda fundi mpaka machozi yakamlenga. Angekuwa na shingo ya kufanyia kazi hiyo, angemng'ata mtu. Daktari aliandika: misuli, dawa za maumivu, arudi baada ya miezi mitatu. Kisha akamwomba aendelee kuachama kidogo, apate mwanga wa kutafutia mhuri.

Alipogonga mhuri, wifi alikuwa keshatangulia. Mikono ya fundi ilikuwa kichwani, basi daktari akamchomekea cheti kati ya meno.

"Haya, sasa funga."

Korido ilikuwa giza. Watu wa foleni walikisoma kile cheti, kikimulikwa kwa nyuma, kila herufi. Misuli. Wakasogeza miguu apite.