Kupe wa Ozark

Tangu kupe amng'ate katika vilima vya Ozark, kule Marekani, Verlin alikuwa na mzio wa nyama, kwani mate ya kupe wa huko huweza kuufanya mwili uikatae. Kipande kimoja tu cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kama kile ambacho marehemu baba yake aliwakatia wanawe kila vuli, kilimvimbisha koo nusura afe.

Asubuhi moja dada yake Oleta alimkuta akichomeka suruali ndani ya soksi ili kupe wasipenye, tayari kurudi vilimani.

"Hukomi tu? Ona, kama jogoo mwenye manyoya miguuni!"

"Cheka tu, dada. Nyama nimeiacha. Njia aliyotupitisha baba siiachi."

Oleta akavaa viatu.

"Basi nipulizie dawa ya kupe na mimi. Nikichoka utanibeba."

Walipofika kwenye kijito kilichokatiza njia hiyo, Oleta alikuwa akiimba vibaya vilevile kama alivyoimba baba yao alipowapitisha pale.